Mgongo wa Mwalimu wa Gitaa

Kabla hajakaza uzi hata mmoja, aligeukia ukuta. Sura yake naweza kuisahau, mgongo wake siwezi: mpana, ndani ya koti la sufu la rangi ya majivu, kichwa kimelala upande, na sisi wanafunzi wake tumekaa kwenye mabenchi ya kanisa tukimtazama kisogo. Tulisikia nyuzi zikipanda na kushuka, halafu kimya, halafu anageuka akitabasamu na gitaa limekaa sawa. Akikurudishia mkononi alikuwa na neno lake ambalo hakulichoka: "Usiguse vikazio. Likilegea, niletee."

Vikazio ni vile vishikio vidogo vya kichwani mwa gitaa vinavyovuta nyuzi na kuzilegeza. Kwetu vilikuwa kama tabernakulo, unavipita kwa adabu. Kijana mmoja wa kwaya alikutwa anavizungusha, akafukuzwa mazoezini mpaka alipoomba msamaha mbele ya watu wote, na mama yake naye akaja kuomba. Tulimcheka yule kijana. Sasa najiuliza tulikuwa tunacheka nini.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Huku kwetu Ufipa mtu akitaka kumsifu mwenzake huanza na babu zake, na mimi sikuja kumsifu. Hakuwa mwalimu wa shule, chaki hajawahi kuishika. Alikuwa mwalimu wa gitaa wa kigango chetu, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, upande wa barabara ya kwenda Matai. Alilima mahindi na ulezi kama jirani yeyote, na Jumamosi mchana alinawa mikono kwa sabuni, akavaa koti lake, akaja kanisani kutufundisha. Wazee wasemwe vizuri, ndivyo tunavyoambiwa. Haya, nitajaribu.

Vizuri vyake vilikuwepo, tena vingi, na ndivyo vinavyoniudhi zaidi. Mtu mbaya ukimchukia unalala usingizi.

Mimi ni msichana wa kwanza kushika gitaa pale kigangoni. Baba yangu aliposikia alisema gitaa ni la walevi, na msichana akilishika ataolewa na nani. Mwalimu hakubishana naye kanisani. Alikuja nyumbani kwetu, mwendo mrefu kupita mashamba, akakuta Baba anapukuchua mahindi, akakaa chini naye akaanza kupukuchua. Hakusema neno juu ya gitaa. Walipukuchua mpaka mama akaleta ugali na samaki wa migebuka, wakala, akanawa, akasema, "Mzee mwenzangu, huyu binti yako ana dole gumba. Mungu hakumpa kwa bahati mbaya. Kama unaogopa watu watasema, waambie mimi ndiye niliyemharibu." Baba akacheka. Kesho yake nikaruhusiwa.

Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo unamweka kundi gani?

Namna yake ya kufundisha sijaiona popote. Wapigaji wa mjini huziita kodi za gitaa, zile nyuzi zinazolia pamoja, kwa herufi. Yeye alitupa majina mengine. Ya kwanza iliitwa Nyumbani. Ya pili Shambani. Ya tatu Sokoni. "Wimbo ni siku ya mkulima," alituambia. "Unaanza nyumbani, unakwenda shambani, unapitia sokoni, jioni unarudi nyumbani. Mtu anayelala sokoni ni mwizi au kichaa." Kama wimbo ulikuwa wa majonzi kulikuwa na kodi ya nne, kwa Jirani, kwa sababu, alisema, ukifiwa hukai peke yako.

Na urahisi wake! Nyumbani hukuhitaji kidole hata kimoja. Ulipiga nyuzi wazi, zote, na zikakuitikia kwa pamoja. "Kwako hupigi hodi," alisema. Shambani ulilaza kidole kimoja cha shahada juu ya nyuzi zote, katikati ya shingo ya gitaa, ukakandamiza. Sokoni ulikisogeza kidole kilekile mbele kidogo. Basi. Mtu aliyeanza Jumamosi, kabla mwezi haujaisha anasindikiza wimbo wa matoleo. Katekista alikuwa anashangaa, anasema vigango vingine wanakaa mwaka mzima vidole vinavuja damu, wa kwetu wanapiga kama wamezaliwa nalo. Mwalimu alikuwa anatazama chini kwa unyenyekevu, na mguu wake unacheza.

Kuhusu mkono wa kulia alikuwa mkali kama pilipili. Dole gumba litembee chini kwenye nyuzi nene, taratibu, halisimami hata ukikosea. Kidole cha shahada kizungumze juu kwenye nyembamba. "Dole gumba ni mzee anakwenda zake," alisema, "kidole cha shahada ni mtoto anayemzunguka akiuliza maswali. Mzee hasimami kwa ajili ya maswali." Alitufunga dole gumba kwa kitambaa tukipiga ovyo. Alinichapa mkononi kwa kijiti, si kwa kuumiza, kwa kunikumbusha. Mkono wangu wa kulia mpaka leo ni wa kwake, na sitadanganya, ni mkono mzuri.

Lakini redio hakuitaka. Ukiwa naye popote, dukani au kwenye kilabu cha pombe ya ulezi, gitaa likisikika redioni anainuka. "Hao wamekaza vibaya," anasema, anatoka. Sisi tulidhani ni maringo ya fundi. Alikuwa anatufundisha uvumilivu na yeye mwenyewe hakuweza kumvumilia mpigaji mgeni akipita kigangoni. Akija mgeni na gitaa lake, Mwalimu alimkaribisha kwa maneno matamu, akamkalisha mbele, akamletea chai, halafu akalichukua lile gitaa la mgeni akaliweka sakristia "lisipate vumbi". Hatukuwahi kulishika gitaa la mgeni hata mmoja wetu.

Kuna safari ya Mtowisa ambayo ilitakiwa inifumbue macho, sikufumbuka. Kwaya ilialikwa huko bondeni kwenye sherehe ya kigango kipya. Mwalimu aliugua mafua siku ya kuondoka, akabaki. Huku kwetu juu kuna baridi, mwezi wa saba unapuliza vidole kabla ya kupiga. Mtowisa ni joto la kuivisha mkate. Tuliposhuka kule kwenye zile kona, vumbi na makorongo, magitaa yote yalianza kulegea. Tukafika yamelegea kabisa, kila moja linalia lake. Tulikaa chini ya kivuli cha lori, wapigaji wanne watu wazima, tumeyapakata kama watoto wagonjwa, na hakuna aliyejua uzi uende wapi. Hatukuwahi kuona. Tulichowahi kuona ni mgongo.

Kwaya iliimba kavu. Wenyeji walipiga makofi ya huruma. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa na hasira hata akakataa wali.

Tuliporudi tulimkuta Mwalimu ameshapona, amekaa mlangoni kwake kwenye jua. Tukamsimulia. Alicheka mpaka akakohoa. "Poleni wanangu, poleni sana," anasema, anafuta machozi ya kicheko. "Leteni niwatengenezee." Akayapokea yote manne, akaingia nayo ndani, tukamsikia ukutani ting, ting. Nilimwona ana furaha kama mtu aliyepata mjukuu, nikadhani ni furaha ya kutuona.

Yeye aliyezoea kunyeshewa mvua haulizi paa linavuja wapi. Nilikuwa nikilibeba gitaa la kigango kutoka kwetu hadi kwake kila lilipolegea, nimelifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, kwa miguu, kwenye matope ya masika na kwenye upepo wa kiangazi. Njiani watu wananitania, "Mama fulani, mwanao anaitwa nani?" Nafika, analitengeneza, tunakunywa uji wa ulezi, narudi. Niliona ndiyo gharama ya kujua gitaa. Nilimpenda. Acha niseme lilivyo: nilimpenda kuliko nilivyompenda baba yangu, na alijua.

Sasa Tunduma.

Kwenye harusi moja ya mjini Sumbawanga, kwa wafanyabiashara wa magari ya abiria, nilipiga gitaa kuanzia maharusi wanaingia mpaka keki inakatwa. Pale alikuwepo kiongozi wa bendi moja ya hotelini Tunduma. Alinifuata akasema mpigaji wake ameacha kazi, na mkono kama wangu hajauona kwa mwanamke. Nikamwambia gitaa si langu, ni la kigango. Akasema, "Dada, vyombo vipo. Njoo na vidole vyako tu."

Mnaelewa maana yake kwa msichana wa nyumbani kwetu? Wenzangu walikuwa wanaolewa, wanapewa jembe. Mimi nilikuwa naitwa kazini kwa sababu ya vidole. Niliaga nyumbani, nikaenda kumuaga Mwalimu. Nilimkuta anapepeta ulezi. Nikamwambia Tunduma, bendi, mshahara, chumba cha kulala. Aliendelea kupepeta, makapi yanaruka. Nikamwuliza, "Mwalimu, kuna kitu bado sijajua?"

Nilimwuliza. Kwa mdomo wangu huu. Akanitazama usoni, akasema, "Dole gumba lisisimame." Akanifungia unga wa ulezi kwenye mfuko, akaniwekea mkono kichwani. "Nenda, binti. Nyumbani utapakuta. Utarudi."

Nilidhani ni baraka.

Pale hotelini wakanipa gitaa zuri, jeusi, linang'aa. Bendi nzima imesimama, wahudumu wamekuja kuangalia, mwanamke anapiga gitaa. Kiongozi akasema, "Anza tu, sisi tutakufuata." Nikaenda Nyumbani. Nikapiga nyuzi wazi kwa nguvu zote na tabasamu.

Weee! Kilichotoka ni sufuria zimedondoka kabatini. Nikadhani nimekosea. Nikaenda Shambani, kidole kimelala, mbaya zaidi. Sokoni, mtu mmoja akacheka. Nikasema gitaa limelegea. Mpiga besi akalichukua, akapiga kitu kitamu, akanirudishia. "Halijalegea, dada." Kiongozi, kwa upole, akasema nimpe ji, halafu si, zile kodi za herufi. Nikamwambia sijui ji. Nikamwambia, Yesu na Maria, nikamwambia mimi naanzia Nyumbani. Walicheka hao, mpiga ngoma akakaa chini. Nikashika vikazio kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikazungusha kwa kubahatisha, uzi mwembamba ukakatika ukanichanja shavuni.

Kiongozi wa bendi hakucheka. Alinisindikiza mpaka nje. "Aliyekufundisha," akaniuliza, "huwa anakaza nyuzi mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Mbele yenu?" Nikasema huwa anageukia ukuta. Akatikisa kichwa. "Amezikaza kwa namna yake, dada, namna rahisi. Huwezi kupiga gitaa la mtu yeyote duniani ila alilolikaza yeye. Amekufunga kamba ndefu, ukala majani ukadhani uko huru."

Sikurudi kwa Mwalimu. Nilishuka Laela, kwa mama mdogo, nikaanza kununua mahindi na maharage kwa wakulima na kuwauzia wa malori. Niko hapo mpaka leo. Niliolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, nina duka la nafaka karibu na stendi. Si maisha mabaya. Lakini kila basi la Tunduma likisimama na muziki unapiga ndani, naangalia pembeni.

Gitaa nilijifunza upya ukubwani, kwa video za kwenye simu. Hapo ndipo nilipojua wanaoanza huwa wanaumia nini. Vidole vitatu kila kimoja na uzi wake, kiganja kinakakamaa, ncha za vidole zinaota malengelenge, zinapasuka, zinaota sugu. Kuna kodi moja ya kulaza kidole huku vingine vinashika, hiyo ilinitoa machozi, si kwa maumivu. Kidole changu kilikuwa kinalala vizuri tangu zamani. Kilizoea kulala. Kilichokataa ni vingine kuamka. Na namna ya Mwalimu ya kukaza niliigundua mwenyewe dukani, nimekaa juu ya gunia: uzi huu shusha, huu acha, huu shusha, piga wazi. Nyumbani ikalia. Nililia kama mjinga, na mteja amesimama mlangoni anaulizia maharage.

Kitu cha dakika moja, jamani. Angenionyesha siku ile anapepeta ulezi, ningekuwa nimeondoka na vyote viwili, mkono wake na njia ya kutokea.

Mwaka huu, baada ya mavuno, binti wa Mwalimu alinipigia simu. Ndiye anayekaa naye. Nilimwacha mtoto, sasa ni mama wa watu. "Dada," akasema, "njoo umwone Baba. Masikio yamekwisha, na mikono nayo nafikiri imekufa. Anapiga gitaa kila jioni hapa uani, ni kelele tupu. Watoto wa jirani wanamuigiza. Na Jumapili kwaya ina sherehe yake, wamemwomba apige wimbo mmoja, ule wa zamani. Vijana wanasema wamnyang'anye gitaa asijiaibishe. Mimi siwezi kumwambia. Wewe atakusikiliza."

Nilikaa na hiyo simu. Nikasema siendi. Nikapanda basi.

Nilimkuta uani, juu ya kigoda, koti lilelile, ndani ya koti mtu amepungua. "Shikamoo Mwalimu!" Hakusikia. Nikapita mbele yake, nikainama. Akanitazama sana. "Wewe," akasema. "Dole gumba." Akanishika mkono wa kulia akaupapasa kama anapima nguo.

Binti yake akaniletea stuli. Mzee akachukua gitaa bila kuombwa. "Sisikii vizuri," akasema kwa sauti kubwa. "Nasikia kama gitaa liko ndani ya gunia. Lakini vijana wamenitengenezea, wana simu inayosikia." Akaanza kupiga.

Ilikuwa Tunduma. Zile sufuria zote, kabati lote. Binti yake akaangalia ardhi. Nyuma ya ukuta wa jirani watoto wakaanza kucheka na kupiga makopo.

Lakini mimi sikuwa nasikiliza, nilikuwa naangalia vidole. Nyumbani. Shambani, kidole kimelala sawasawa, hakuna uzi uliokimbia. Sokoni. Kwa Jirani. Nyumbani. Dole gumba linatembea zake halisimami. Mikono ilikuwa mizima! Vijana wa kwaya wamekaza gitaa kwa simu, kama linavyokazwa kila mahali duniani, simu imesema sawa, basi wakahitimisha kwamba mzee ndiye aliyeharibika. Na yeye hasikii ajue. Katika mji mzima wa Sumbawanga hapakuwa na mtu wa kujua kosa liko wapi, kwa sababu yeye mwenyewe alihakikisha hapatakuwa na mtu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Akamaliza, akanitazama akingoja sifa.

Nilikuwa nimekaa na swali langu nusu ya maisha, na nilitaka kuliuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima, kama mtu mzima. Ikabidi nilipige kelele. "Mwalimu! Ulijua nitaaibika Tunduma?"

"Nini?"

"Tunduma! Ulijua?"

Watoto wa jirani wakachungulia juu ya ukuta. Binti yake akasimama na sufuria mkononi. Mzee aliweka gitaa magotini. "Aa," akasema. "Tunduma." Akatazama mbali, kwenye mashamba yaliyovunwa. "Nilijua."

Sikutegemea ajibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, kwa kusahau, kwa uzee.

"Kabla yenu niliwafundisha watatu," akasema. "Kwa kukaza kwa watu wote. Niliwapa kila kitu. Mmoja akapanda lori, akaenda. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu akaondoka na gitaa la kigango. Hakuna aliyerudi hata kunipa shikamoo. Asante ya punda ni mateke. Nikasema, hawa wa sasa nitawafundisha wakae."

"Mimi sikuwa punda, Mwalimu!"

"Hukuwa," akasema. "Wewe ulikuwa bora kuliko wote. Ndiyo maana."

Ndiyo maana. Alisema kama mtu anayekueleza kwa nini ametia chumvi. Halafu akatabasamu, meno machache. "Na umerudi."

Sitaficha nilichowaza. Niliwaza niinuke, nimwambie binti yake mikono ya baba yako ni mizima, mwacheni apige Jumapili, halafu nikae benchi la mbele. Kanisa zima, maparoko, wageni, vijana na simu zao wakirekodi. Aende Nyumbani kwa tabasamu. Sufuria zidondoke. Ajifunze na yeye, uzeeni, ladha ya kuchekwa kwa kosa lisilo la vidole vyako. Ilikuwa haki yangu. Mpaka sasa naamini ilikuwa haki yangu.

Kilichonizuia si yeye. Nilivionea huruma vile vidole. Havikuwa vimekosea popote.

"Lete," nikamwambia. Akanipa gitaa. Binti yake akasogea karibu. "Mikono yake ni mizima," nikamwambia. "Gitaa ndilo lililokazwa sivyo."

"Mungu wangu! Vijana wanasema limekaa sawa."

"Limekaa sawa kwa vijana. Baba yako ana namna yake." Nikashika kikazio cha kwanza nikashusha. Yule mwanamke akaweka sufuria chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaja kusimama begani kwangu, macho yote kwenye vidole vyangu.

"Dada, nionyeshe," akasema. "Nionyeshe na mimi, niwe namfanyia hapahapa nyumbani. Hasikii, atalilegeza tena kesho tu. Si ni uzi gani na uzi gani? Nionyeshe."

Dakika moja, nilisema. Kitu cha dakika moja.

Sikuamua. Miguu ndiyo iliyoamua, ikageuka. Nilijikuta natazama matofali ya ukuta wa nyumba yao, gitaa kifuani, kichwa kimelala upande, na yule binti amebaki nyuma yangu na swali lake. Uzi huu shusha, huu acha, huu shusha. Ting, ting. Nikapiga wazi, polepole, na Nyumbani ikalia ua mzima, hata watoto wa jirani wakasema aaah.

Nilipogeuka mzee alikuwa ananitazama. Wimbo hakuusikia, nina hakika, lakini mgongo aliuona. Aliacha kutabasamu. Akapokea gitaa lake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, kama sisi tulivyokuwa tukifanya.

"Dada," binti yake akasema, "hukunionyesha."

"Usiguse vikazio," nikamwambia. "Likilegea, niletee."

"Laela kote huko?"

"Si mbali," nikasema, nikachukua mkoba wangu. "Mimi nilikuwa naleta kwa miguu."